Roboti ikigoma kukata kona, usikimbilie betri

Roboti yetu ya kwanza ilikuwa inakwenda mbele vizuri tu. Ukiiambia ikate kona, inagugumia, taa zinazimika, halafu inajiwasha upya. Zilibaki siku 4 mashindano yaanze. Vijana wote wakailaumu betri, na mimi mwalimu wao nikaanza kupiga hesabu ya nauli ya kutoka Tanga hadi Dar kufuata nyingine.

Aliyetuzuia ni mzee mmoja fundi baiskeli, jirani yetu pale Ngamiani. "Mwalimu, umeshaipindua?" Sikuwa nimeipindua. Akailaza mgongo juu ya stuli, akasukuma gurudumu moja moja kwa kidole. Matatu yalizunguka mpaka yakachoka yenyewe. La nne halikumaliza hata nusu mzunguko: tulikuwa tumekaza kola ya ekseli, ile pete inayoizuia isichomoke, hadi ikaibana beringi. Akalegeza, akapachika washa nyembamba ya baiskeli, kile kibati cha duara chenye tundu, akarudi kwa wateja wake. Mji mzima huu unapanda baiskeli, na sisi hatukukumbuka jambo hilo!

Kona zikawa nafuu, ila bado taa zilizimika mara moja moja. Hapo ndipo mita ya kupimia umeme ilipotusaidia. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.9, roboti ikikata kona, ikaporomoka hadi 7. Kwa hiyo pima wakati mzigo upo, la sivyo betri itakudanganya. Mota iliyokwama ndiyo inayokula umeme mwingi kuliko zote: zetu huvuta ampea 8.5 kila moja, zipo 4, jumla 34, na fyuzi ni ya 20. Hapo hata betri mpya ingefanya nini?

Basi tukabadilisha gia kutoka 12 kwa 1 tukaweka 20 kwa 1, yaani mota izunguke mara 20 ndipo gurudumu lizunguke mara moja: mwendo unapungua, nguvu inaongezeka, na mota haikwami ovyo. Magurudumu mawili ya nyuma tukayatoa, tukafunga yale yenye viroli vidogo pembeni, maana raba nne zote zikikwaruza sakafu kwa ubavu, mota ndizo zinazolipa. Kagua na viungio vya waya pia. Chetu kimoja kilikuwa cha moto ukikigusa.

Vijana bado wananiambia nimewageuzia roboti kobe. Kwa hesabu ni kweli, tumeshuka kutoka mita 2.4 kwa sekunde hadi 1.4. Lakini ile ya 2.4 hatukuwahi kuiona ikimaliza kona mbili mfululizo.