Mgahawa wa Kiitaliano wa bei kali: jibu la mtu aliyeungua

Mkuu, umeuliza kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga mgahawa mkubwa wa Kiitaliano anaweza kumpeleka mkewe huko kusherehekea miaka kumi ya ndoa bila kuaibika na bila kutoka na deni. Waliotangulia wamekujibu habari za uma na kisu. Uma na kisu si shida, hakuna anayekukagua. Shida ni vile vitu ambavyo bei yake haijaandikwa kwenye menyu, na mimi navijua kwa sababu viliniunguza.

Ilikuwa Novemba. Nimepata bonasi kazini, nikamchukua mchumba wangu (sasa ni mke wangu, kwa hiyo usiogope mwisho wa kisa). Tumekaa, tumeagiza tambi, mambo shwari. Akaja mhudumu na kisanduku cha mbao, akafunua kitambaa cheupe. Ndani kumelala kitu kama kiazi kilichosahaulika kabatini, rangi ya vumbi, kimejaa mabonde. Harufu ilitufikia kabla hatujakitazama vizuri: kitunguu saumu, jibini iliyokomaa, na kwa mbali gesi ya jiko. Akauliza taratibu, "Mngependa kidogo juu ya tambi?"

Mimi nikajua huo ni ukarimu wa nyumba. Nikajibu ndiyo, bila wasiwasi. Akakipima kwanza kwenye mizani ndogo, nikaona mbwembwe tu. Kisha akaanza kukikwangua juu ya sahani yangu, vipande vyembamba hata mwanga unapenya, vinadondoka kama majani makavu. Anakwangua huku ananitazama usoni. Sikujua kwamba anasubiri niseme basi! Mchumba ananikanyaga mguu chini ya meza, mimi natabasamu tu kama bwana harusi. Alipomaliza akakirudisha kwenye mizani, akaandika kitu kwenye kijitabu.

Bili ilipokuja, mstari mmoja ulizidi chakula chote cha watu wawili, vinywaji ndani.

Ile ndiyo tartufo bianco, aina ya uyoga unaoota chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti kama mwaloni. Yenye jina kubwa zaidi ni ya Alba, mkoa wa Piemonte. Kuilima ni kazi ngumu mno, kwa hiyo inatafutwa msituni kwa pua za mbwa, na ikishachimbwa harufu yake inakimbia ndani ya siku chache. Ndiyo maana inauzwa kwa gramu kama dhahabu. Haipikwi. Inakwanguliwa mbichi juu ya kitu kipole, kama tambi za mayai zenye siagi, au yai, au risotto (wali mzito wa Kiitaliano). Sikuibiwa, mizani ilikuwa mbele ya macho yangu. Ni mimi sikufungua mdomo. Ukitaka kujua penye ujanja, ni kwenye yale "mafuta ya tartufo" unayoyakuta kwenye menyu mwaka mzima: mengi harufu yake imetoka maabara, tartufo yenyewe haijapita hata karibu.

Sasa swali moja litakaloiokoa jioni yako: "Bei yake ikoje?" Liulize kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza saa. Nilikuwa nadhani pale wanakudharau ukiuliza bei. Nimeenda mara kadhaa tangu siku ile, na sijawahi kuona mhudumu mzuri akibadilika sura kwa swali hilo.

Uliza hasa mhudumu anapokutajia vyakula vya siku kwa mdomo. Anaeleza kwa utamu, baharini kumetoka hiki, shambani kimeingia kile, na bei hasemi. Uliza pia ukiona neno "etto". Etto ni gramu 100. Samaki mzima na ile nyama ya bistecca alla fiorentina mara nyingi huandikwa bei kwa etto, mtu anaona tarakimu ndogo anafurahi, kumbe fiorentina ni pande la nyama na mfupa wake linalopita kilo kirahisi. Zidisha kwa kumi au zaidi. Tena inaletwa ikiwa nyekundu ndani, na ukiomba ikaushwe wengine watakuambia agiza kitu kingine. Coperto nayo ni malipo ya kukaa mezani, kwa kila kichwa, na kwenye mingi ndimo mkate unapohesabiwa.

Kuhusu mpangilio: antipasti ni vya kuanzia, primi ni tambi na risotto, secondi ni nyama na samaki, contorni ni mboga za pembeni, dolci ni vitamu. Hulazimiki kupita vituo vyote. Sisi siku hizi tunachukua cha kuanzia kimoja tugawane, kila mtu na primo yake, kisha secondo moja kwa wawili, na hatujawahi kuonekana washamba. Jua tu kwamba secondo huja yenyewe kama ilivyozaliwa: ukiagiza samaki utapata samaki. Viazi na mboga ni contorni, na vinalipiwa peke yake.

Tambi utazikuta zina ukinzani kidogo kwenye jino. Hazijabaki mbichi, usizirudishe. Risotto ikipikwa kwa oda inachukua kama dakika 20, na mara nyingi wanakubali kuipika kuanzia watu wawili, ambayo kwa siku ya ndoa ni bahati.

Ushauri wangu ambao wengi hapa watanipinga: mgahawa upime kwa sahani rahisi kuliko zote. Agiza cacio e pepe. Ni tambi, jibini ya pecorino, pilipili manga na maji yaliyochemshia tambi, basi. Hakuna pa kuficha kosa. Mpishi akizidisha moto jibini inaganda vidonge na kunata kwenye uma kama gundi. Akiipatia, inakuwa mchuzi mzito unaoteleza, ingawa humo hakuna tone la krimu. Gualtiero Marchesi, mpishi mkubwa wa Milano, mwaka 1981 aliweka karatasi ya dhahabu juu ya risotto ya zafarani, na sahani ile bado inatajwa. Namheshimu, lakini dhahabu haina ladha. Pesa yangu naipeleka kwenye pecorino.

Kama hamli nguruwe au hamnywi pombe, semeni mnapoweka nafasi, msisubiri mezani, kwa sababu vimejificha. Carbonara, tambi za mayai na jibini, ina guanciale, shavu la nguruwe. Ragù, mchuzi wa nyama wa tambi, mara nyingi ina mchanganyiko wa nyama na mvinyo. Risotto nyingi zinaanza kwa kumwagiwa mvinyo mweupe. Tiramisu, kitamu cha kahawa na jibini laini, mara nyingi inatiwa mvinyo wa Marsala au ramu. Na asiyekula nyama kabisa ajue kwamba Parmigiano Reggiano inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama.

Kama mnakunywa, orodha ya mvinyo isikutishe. Barolo ni ghali kwa sababu, kati ya mengine, kwa kanuni haiuzwi kabla ya kutunzwa miezi 38, na muda wote huo unaulipia wewe. Kuna njia ya kutaja bajeti yako mkeo asijue: fungua orodha, weka kidole kwenye bei unayoimudu, si kwenye jina, kisha sema "nataka kitu cha namna hii." Yule bwana wa mvinyo anasoma kidole. Mimi wa kwangu alinipa Barbera, nayo inatoka Piemonte huko huko, na tuliimaliza.

Kapuchino baada ya chakula Mwitaliano haagizi, lakini ukiitaka watakuletea. Jibini juu ya tambi za samaki, hapo wengine watakutazama.

Kisanduku kilinijia tena miaka miwili baadaye, mgahawa mwingine. Safari hii nikauliza gramu ni bei gani, na ngapi zinatosha sahani moja ya watu wawili. Mhudumu akasema tatu. Mke wangu akaangalia mizani, si mimi. Vilidondoka vipande kumi na kimoja, tulivihesabu, akapata sita.

Hukusema sherehe ni mwezi gani. Ikiwa ni kati ya Oktoba na Desemba, kisanduku kitakuja.