Baiskeli haili mafuta, ila inataka hela ya mkupuo

Mkuu, umeuliza: kama baiskeli haili mafuta wala haidai nauli, mbona sisi wa kipato cha chini hapa Mbeya tunabanana kwenye daladala? Waliotangulia wamekujibu kwamba ni milima, wengine wanasema ni aibu tu. Milima ipo kweli, nitaifikia. Ila kwa niliyopitia mimi, jambo linaanzia kwenye namna hela inavyoingia mfukoni, hata kabla ya kuuliza ni kiasi gani.

Nimekulia Ubaruku, huko Usangu. Kule ni tambarare na baiskeli zimejaa, na sidhani kama watu wana hela kuliko wa mjini. Mpunga ukivunwa hela inaingia mara moja, hata kama baada ya hapo ni kufunga mkanda mpaka msimu ujao. Mzee wangu aliipata Phoenix yake hivyo: aliuza magunia, akalipa madeni, akaja nayo nyumbani bado ina makaratasi kwenye fremu. (Yale makaratasi tulikatazwa kuyabandua karibu mwaka mzima.)

Mimi nikahamia mjini nikawa saidia fundi. Nimepanga Uyole, saiti nyingi ziko upande wa Mwanjelwa. Mwaka 2022 nauli ikapanda kutoka 400 hadi 500. Kwenda na kurudi 1,000, kwa siku 26 za kazi ni 26,000. Baiskeli ya mtumba yenye gia niliyoitolea macho ilikuwa 190,000. Kwa miezi saba na kidogo ingekuwa imejilipa. Hesabu hiyo niliijua tangu siku ya kwanza, na bado nilipanda daladala zaidi ya mwaka. Kibarua unalipwa jioni. Ukipita dukani unga, mkaa, dawa ya mtoto, imebaki nauli ya kesho. Buku ya nauli haikosekani. Laki na tisini huioni.

Sasa tazama bodaboda. Kijana asiye na kitu anakabidhiwa pikipiki ya mamilioni kwa mkataba, anapeleka hesabu kila siku mpaka inakuwa yake. Tajiri anakubali kwa sababu pikipiki inaingiza hela. Baiskeli ya kwendea kibaruani haiingizi, inapunguza matumizi tu, na hakuna anayekukopesha kwa ajili ya hilo. Nilimwomba muuzaji mmoja niwe namletea buku kila jioni. Akacheka, akasema nilete kwanza nusu. Nusu yenyewe ningeitoa wapi?

Kilichonivusha ni mchezo, ule wa kuchanga na kupokezana hela kwa zamu. Tulikuwa 12 pale saiti, kila Jumamosi 15,000. Utasema kama uliweza kutoa hiyo, ungeweza kujiwekea mwenyewe. Thubutu! Hela ya kwenye kopo mtoto akikohoa usiku inatoka. Ya mchezo utaitafuta hata kwa kukopa, maana Jumatatu utakutana na wenzako kwenye zege. Zamu yangu ikafika, nikapokea 180,000, elfu kumi ya juu nikamkopa kijumbe, yule anayekusanya michango.

Tuje kwenye milima. Uyole iko juu kuliko Mwanjelwa, kwa hiyo asubuhi unateremka tu, jioni umechoka ndipo unapanda. Ya bei nafuu isiyo na gia, kama ya mzee wangu, ningeisukuma nusu ya njia. Maana yake Ubaruku maskini anatumia baiskeli yoyote, huku analazimika kutafuta ya bei juu. Breki nazo zinaisha haraka kwa ule mteremko, na siku za mvua na malori mengi ya kwenda mpakani Tunduma narudi kwenye daladala. Tena njaa! Chapati ya ziada jioni haikuwemo kwenye hesabu zangu. Nikiondoa na pancha, kwa nauli ile nilikuwa naokoa kama 600 kwa siku, si buku nzima.

Wale unaowaona Jumapili asubuhi juu ya baiskeli na helmeti zao wana gari nyumbani. Sina ubaya nao, ila wao mvua ikinyesha wanaahirisha, mimi nachelewa kazini.

Yangu inalala ndani ya chumba, kati ya kitanda na jiko. Mke wangu kaisema sana, ila siku hizi ndiyo anayoanikia nguo za mtoto. Katika wale 12 wa mchezo, aliyenunua baiskeli mwingine ni mmoja tu. Waliobaki walilipa kodi, ada, na mmoja akaongeza bati.