Maswali ya Wasomaji: Filta ya mafuta ya alizeti

SWALI: Ndugu Mhariri, nakamua alizeti hapa Singida. Nimefunga filta ya katriji (kichujio cha bomba cha kubadilishwa) yenye matundu ya maikroni 5, yaani elfu tano za milimita, baada ya mashine, lakini kila nusu saa inaziba. Ninunue ya maikroni ngapi?

JIBU: Tatizo si maikroni, ni aina ya filta. Mafuta yanayotoka kwenye mashine yamejaa machicha laini, na katriji ni ya uchafu kidogo tu. Yaache yatulie tangini saa 24 hadi 48, uyavute juu ya mashapo, kisha yapitishe kwa pampu kwenye filta presi, yaani sahani zilizobanwa pamoja zenye vitambaa kati yake. Humo machicha yenyewe hujenga tabaka juu ya kitambaa, na tabaka hilo ndilo linalochuja. Ndiyo maana mafuta ya mwanzo hutoka na ukungu. Yarudishe tangini mpaka yang'ae.

Itazame geji ya presha ya filta presi. Ikipanda taratibu, sawa. Ikiruka mara moja, pampu inasukuma kwa kasi mno au mafuta yamepoa yakawa mazito; nyuzi 40 hivi zinatosha. Ikishuka ghafla na mafuta yakachafuka, kitambaa kimechanika.

Katriji usiitupe. Ihamishie mwisho, kabla ya kujaza chupa.

Mafuta yakiingia ukungu wakati wa baridi, usiilaumu filta: hiyo ni nta ya maganda, ambayo kwenye joto hupita ikiwa imeyeyuka. Kuitoa ni lazima uyapoze polepole hadi chini ya nyuzi 10, yakae saa kadhaa, ndipo uyachuje yangali baridi.