Fleti karibu na mwendokasi: maswali yenu wiki hii

Tangu nigusie maghorofa yanayochipuka kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, inakopita mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ujumbe umekuwa mwingi. Haya ni baadhi ya maswali. Mengine yamefanana, nimeyaunganisha.

Kaka, dalali anasema fleti ya Magomeni iko dakika tano kwa mguu hadi kituo cha mwendokasi. Nimwamini? (Msomaji, Tabata)

Dakika za dalali hupimwa akiwa juu ya bodaboda. Mtu wa kawaida hutembea kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni mita 400, basi. Nenda ukapime mwenyewe, ila usiende Jumamosi mchana umevaa raba. Nenda saa moja kasoro asubuhi na viatu vyako vya kazini, kisha urudi saa tatu usiku uone kama taa za mtaani zinawaka. Ukiweza, subiri mvua ya masika. Uchochoro uliokuwa mkavu Januari, Aprili unaweza kukudai mabuti. Hesabu na muda wa kuvuka barabara, maana vituo vyenyewe viko katikati ya njia na magari hayasubiri mtu.

Kuna jambo jingine ambalo dalali hatakutajia: karibu na kituo si karibu na kiti. Basi la asubuhi linalotoka Kimara likifika Magomeni limeshajaa hadi mlangoni. Wajanja wa vituo vya huko juu hugeuza nalo, yaani hupanda linalorudi mwanzo wa njia ili waje wamekaa, lakini kwako Kimara ni mbali mno kwa mchezo huo. Faida yako ni nyingine. Kutoka kituo cha Magomeni Mapipa unaweza kukata Jangwani ukaingia Kariakoo kwa miguu yako, siku ambayo Mto Msimbazi haujapanda barabarani. Mto ukipanda, mwendokasi nao husimama pale, na umesimama mara kadhaa tangu huduma ianze Mei 2016. Ndiyo maana mimi kwanza huangalia ninachoweza kukifikia kwa mguu bila basi lolote: soko, zahanati, shule ya watoto. Kituo nakihesabu baadaye.

Salaam mwandishi. Jengo bado liko kwenye msingi, na mwenye mradi anataka kianzio. Niangalie nini?

Picha za kompyuta zenye mitende na bwawa la kuogelea ziweke pembeni. Soma bango la kiwanjani: mkandarasi nani, msanifu nani, mhandisi nani, halafu uwathibitishe kwenye bodi zao za usajili. Omba namba ya hati ya kiwanja ufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki na kama hati imewekwa rehani benki. Rehani yenyewe si dhambi, wajenzi wengi hukopa. La muhimu ni mkataba wako useme wazi benki itaiachiaje fleti yako ukishamaliza kulipa.

Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo ndiyo inayokuwezesha kupata hati ya fleti yako peke yako. Muulize mwenye mradi atakukabidhi lini hati hiyo, na akujibu kwa maandishi. Vinginevyo utabaki na risiti na ufunguo. Uliza pia kibali cha ujenzi kinaruhusu ghorofa ngapi, kisha simama ng'ambo ya mtaa uhesabu kwa kidole. Usione haya. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, likaua watu 36, na lile la Kariakoo la Novemba 2024 bado halijatutoka machoni.

Nyumba nimenunua, ni yangu. Kwa nini nidaiwe pesa ya huduma kila mwezi?

Yako inaanzia kwenye rangi ya ukuta kuingia ndani. Ngazi, paa, lifti, pampu ya maji, shimo la maji taka na geti ni mali ya wote, na sheria niliyoitaja inawataka wamiliki wawe na chama chao cha kuvisimamia na kuvichangia.

Niliwahi kupanga ghorofa ya sita katika jengo ambalo wamiliki walikuwa hawaelewani. Lifti ilikufa mwezi wa Ramadhani, ikafufuka baada ya Idi Kubwa. Pampu nayo ikafuata, tukawa tunanunua maji ya ndoo, na mbeba maji akaweka bei yake kwa ghorofa. Jirani wa chini kabisa aligoma kuchangia kwa hoja ambayo hadi leo sijaipatia jibu zuri: yeye lifti haijui.

Kwa hiyo kabla hujanunua, omba hesabu za chama za mwaka uliopita na uulize wangapi hawalipi. Ongea na mlinzi pia, yeye anajua kama mshahara wake unafika kwa wakati. Na ukiambiwa ada ni ndogo mno katika jengo lenye lifti mbili na jenereta, hiyo ni chambo.

Mimi mpangaji. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yangu. Ni haki?

Makato yalihamia kwenye LUKU mwaka 2021, lakini mdaiwa ni mwenye nyumba. Tunza ujumbe wa kila ununuzi wa umeme, jumlisha, mkatane kwenye kodi ya pango. Liandikeni kwenye mkataba.

Fleti 40, maegesho ya magari 18. Si kasoro hiyo?

Kama una magari mawili, tafuta kwingine. Kama huna, umefanya vizuri, maana kila nafasi ya gari chini ya jengo ni zege ambalo mnunuzi hulilipia hata kama anapanda basi.

Mwanangu, nimepanga chumba Ilala miaka mingi. Mwenye nyumba anauza kwa mjenzi wa ghorofa. Je, nitarudishwa kama watu wa Magomeni Kota? (Mama wa Ilala)

Shikamoo mama. Kota ilikuwa ardhi ya serikali, na hata hivyo kaya zile 644 zilizohamishwa ili kota za zamani zibomolewe zilisubiri miaka mingi na ahadi nyingi kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajazifungulia maghorofa yao Machi 2022. Nyumba ya mtu binafsi haina ahadi hiyo. Mjenzi akishainunua, chumba chako kinakwenda na tofali zake. Ulichonacho ni mkataba, na kodi uliyokwisha kulipa mbele. Kama umelipa miezi sita na unatakiwa kutoka mwezi wa tatu, mitatu iliyobaki ni pesa yako, idai kabla hujafungasha. Kama mlikubaliana kwa mdomo tu, mwombe mwenye nyumba wiki hii akuandikie tarehe ya kuhama na kiasi anachokurudishia, na mjumbe aweke sahihi kama shahidi.