Kikonyo cha boga kubwa kimechanika, nifanyeje?

Swali: Bibi shamba, assalaam aleikum. Niko Konde, Pemba. Kaka yangu aliniletea kutoka Uingereza mbegu za yale maboga makubwa ya mashindano, Atlantic Giant. Nimebakisha boga moja tu kwenye mti. Lina siku 34 tangu nilichavushe kwa mkono, na jana mzingo wake ulifika sentimita 190. Tulikuwa na jua kali wiki mbili, kisha mvua ya vuli ikapiga siku tatu mfululizo. Asubuhi nikakuta kikonyo kina mipasuko midogo midogo, na pale kinapoungana na shina pamechanika kiasi cha kidole kuingia, majimaji yanatoka. Nimepaka samadi mbichi nikafunga na nailoni. Nimefanya sawa? Litapona?

Jibu: Waalaikum salaam, mwanangu, na pole. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaifungue hiyo nailoni na uioshe samadi yote kwa maji safi, taratibu. Samadi mbichi imejaa vijidudu, na nailoni inafungia unyevu ndani. Kwa joto letu, siku mbili zinatosha kidonda hicho kuoza. Boga lako linaweza kupona, lakini litapona kwa kukauka.

Ukishaosha, tizama vizuri unachokiona, maana umenielezea vitu viwili tofauti. Maboga yetu ya kienyeji mengi yana kikonyo kigumu chenye pembe, kimetanuka pale kinaposhika boga. Atlantic Giant, mbegu iliyoendelezwa na Howard Dill wa Nova Scotia huko Kanada, ni jamii nyingine: kikonyo chake ni cha mviringo, kinene, laini kama kizibo cha chupa. Kikinenepa, ngozi ya juu hupasukapasuka. Mipasuko hiyo ikiwa mikavu na haizidi unene wa kucha, iache kama ilivyo. Kinachonitia wasiwasi ni hapo kwenye maungio.

Chukua kisu kikali chenye ncha nyembamba, kipitishe kwenye moto au ukifute kwa spiriti. Subiri jua lipande, umande ukauke. Kwangua kila kilicholainika na kugeuka kahawia mpaka ukutane na nyama ngumu, nyeupe yenye ukijani. Nusa. Maji maangavu yasiyo na harufu ni utomvu wa kawaida wa mti. Yakitoka mapovu yenye harufu ya uchachu, uozo umeshaingia. Endelea kukwangua, na usione huruma kupoteza nyama kidogo. Ukiona matone ya gundi ya rangi ya kahawia na vidoa vyeusi kama punje za pilipili manga, huo ni ugonjwa wa ukungu wa shina, na majani nayo yatahitaji kupuliziwa dawa.

Baada ya hapo changanya dawa ya ukungu yenye shaba, ile wanayopulizia tungule, kwa matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito, upake kidonda kwa brashi. Vaa glavu, na kama unakusudia kulila boga, heshimu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko. Watu watakushauri salfa ya mikorosho. Kwenye kidonda haina neno, ila isiangukie majani wakati wa jua kali, maboga huungua nayo.

Kisha upepo. Wakulima wa Marekani huweka feni ya umeme kwenye kikonyo usiku na mchana. Wewe kata majani mawili matatu yanayokiziba kidonda, na jenga kibanda kidogo cha makuti juu yake, kiwe wazi pande zote ili mvua isipige na upepo upite. Nzi wa matunda hupenda kutaga kwenye mpasuko mbichi, kwa hiyo funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu, kikae mbali kidogo na kidonda.

Sasa nikwambie kwa nini pamechanika, maana usipoondoa sababu patachanika tena. Boga linapokua linapanda juu, na mabega yake yanalisukuma shina. Shina nalo limeshikwa na mizizi iliyoota kwenye vifundo. Kimoja kinavuta huku, kingine kule, na kinachosalimu amri ni maungio. Mvua ya ghafla baada ya ukame imeongeza kasi ya kukua tu. Nilipokuwa kijana kazini nilipoteza boga zuri Mahonda kwa sababu hii hii. Nilihangaika na dawa wiki nzima, sikuwahi hata kugusa mizizi. Bado naliona lile boga.

Basi kata mizizi ya vifundo vilivyo karibu na boga, kiasi cha mita moja kila upande, shina liwe huru kuinuka. Chini yake weka gunia lililokunjwa lilibebe. Kama kikonyo kimebanana na shina, lisogeze shina kidogo kidogo kila siku, kwa wiki nzima, mpaka vikaribie kufanya pembe mraba. Fanya hivyo alasiri, mti ukiwa umelegea kwa jua. Asubuhi shina limejaa maji, linakatika kama muwa.

Vifundo vya mbali, pande zote mbili, vifukie kwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na usisahau shina linaloendelea mbele ya boga. Mizizi itakayoota huko, pamoja na majani yake, italilisha boga hata njia ya upande mmoja ikidhoofika. Maji mwagilia kwa kipimo kile kile kila siku isiyo na mvua, kwenye mizizi hiyo, kikonyo kibaki kikavu.

Endelea kupima mzingo kila asubuhi kwa utepe, mahali pale pale. Ukiongezeka, hata kidogo, vumilia. Usijilinganishe na akina Travis Gienger, aliyepima boga la kilo 1,247 huko California mwaka 2023. Joto la usiku la kwetu linawahisha maboga kukomaa.

Lakini mpasuko ukiingia mpaka kwenye uwazi wa ndani wa boga, yaani unaona giza ndani au mbegu, usingoje siku ya pili. Likate siku hiyo hiyo, ondoa palipoharibika, ugawie majirani. Ikiwa kikonyo kimekauka na kuwa kigumu kama gome, nitumie picha ya maungio kwa ubavuni, tuone kama gunia la chini linahitaji kuongezwa.