Funga Macho, Sikiliza kwa Nyayo

Nilikulia kwenye layini za kambi ya jeshi mjini Jinja, ambako mtoto hujua "kushoto, kulia" kabla ya kujua kusoma. Basi nilipokwenda Kampala kujifunza amadinda nilidhani mdundo nimezaliwa nao. Wapi!

Amadinda ni mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wakuu wawili huketi wakitazamana. Wa kwanza anaanza, wa pili anatumbukiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kwa kasi hadi msikilizaji asikie kama mkono mmoja. Mimi nilikuwa wa pili. Nilivikodolea macho vijiti vya mwenzangu, nikingoja viinuke ili vyangu vishuke. Kila mara nikachelewa, vijiti vikagongana. Mzee aliyetufundisha akacheka: "Mwanangu, unasoma gazeti la jana. Funga macho."

Siku mbili niliaibika vilevile. Siku ya tatu mkono ukaenda wenyewe.

Kwa hiyo usiungoje mdundo, utangulie. Mtu akiambiwa agonge meza sambamba na kidude kinacholia ti, ti, ti, mara nyingi hugonga kabla kidogo ya mlio, bila kujua. Badala ya mlio mpe taa inayowaka na kuzimika, utaona anavyoyumba.

Ngozi nayo si haba. Ukijifunza baakisimba, dansi ya Waganda, vua viatu, simama karibu na ngoma, uache mtetemo upande kutoka sakafuni hadi kifuani. Viziwi wengi hucheza kwa njia hiyohiyo.

Lakini sikio nalo hudanganywa na umbali, na hili nililiona gwarideni. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukiwa mita 34 nyuma ya ngoma kubwa, pigo linakufikia limechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, hiyo ni moja ya tano ya hatua nzima. Ndiyo maana sisi watoto tuliofuata bendi kwa mbali tulionekana hatujui kutembea! Hapo jicho ndilo la kutegemea, ila litazame mkono wa mpigaji: mkono unaoshuka hukuarifu kabla haujatua, tofauti na taa inayokushtukiza.

Kwenye amadinda bado nafumba macho. Wageni hudhani nasinzia.