Maswali na Majibu: Pale hali mbili zinapokuwa moja

Wiki iliyopita niliandika juu ya mifumo ya kwanta, yaani inayofuata kanuni za vitu vidogo kama atomu, inayovuja nishati, na juu ya “nukta ya kipekee” inayojitokeza humo. Haya ndiyo maswali mliyoleta.

*Mwalimu, hiyo “nukta ya kipekee” ni nini hasa? (Motari, Birere)*

Ndugu, unaijua tayari. Amotisere ikichoka, pikipiki ikipita kwenye mawe ya lava hudundadunda kabla ya kutulia. Ikiwa ngumu mno haidundi, ila hurudi polepole. Katikati kuna kipimo kimoja tu ambapo inarudi upesi bila kudunda. Hapo, kihesabu, njia mbili za kutulia zimeungana. Hazikulingana kasi tu, zimekuwa njia ileile. Mwanahisabati Tosio Kato aliiita nukta ya kipekee katika kitabu chake cha 1966.

*Kuna aliyeiona ndani ya kyubiti? (Mwanafunzi, Himbi)*

Ndiyo, watafiti wa St. Louis, Marekani, 2019. Kyubiti ni mfumo wa kwanta wa hali mbili, kipande cha msingi cha kompyuta ya kwanta. Saketi iliyopozwa karibu na nyuzi -273 ilitumiwa ngazi tatu za nishati: mbili za juu zikawa kyubiti, na ya kati ikaachwa ivuje kwenda ya chini. Wakabakiza majaribio ambayo uvujaji haukutokea. Utauliza: kama hakikuvuja kitu, uvujaji umefanya kazi gani? Swali hilo limenikosesha usingizi zaidi ya mara moja. Kutovuja nako ni habari. Kadiri muda unavyopita kimya, ndivyo kyubiti inavyoelekea ngazi isiyovuja, na hali yenyewe hubadilika bila kuruka popote.

*Faida yake? (Dada wa Katindo)*

Kuielekeza hali tunakotaka. Mwaka 2009 wanafizikia Verstraete, Wolf na Cirac walionyesha kwa hesabu kwamba uvujaji uliopangwa vizuri unaweza wenyewe kuufikisha mfumo kwenye hali iliyokusudiwa. Na 2016 majaribio yalionyesha kwamba ukibadilisha vipimo vya mfumo hadi kuizunguka nukta ya kipekee, upande unaozungukia ndio unaoamua utatokea hali ipi.

*Ni kweli inatoa vipimo vikali kupita vyote? (Msomaji, Bukavu)*

Nusu tu. Karibu na nukta, mtengano wa zile hali mbili zilizoungana hufuata kipeuo cha pili cha usumbufu unaopimwa: usumbufu wa 0.0001 huleta mtengano wa kiwango cha 0.01. Inavutia sana. Lakini kelele nayo hukua. Mwaka 2020, huko California, kipima-mzunguko cha leza kilionyesha kelele ikipanda kiasi cha kuimeza faida yote.